Daktari Livingstone na Cheche za Umeme

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha soma habari za Daktari David Livingstone katika vitabu vya Historia: jinsi alivyopotea barani, jinsi Stanley alivyomtafuta hata akamkuta Ujiji, na jinsi alivyofia mbali na kwao. Habari hizo sitazirudia zote. Nataka kuyaeleza maisha yake kwa upande mmoja unaosahauliwa, nao ni kwamba alikuwa tabibu, tena mtu mwenye jicho la kuchunguza mambo madogo. Mojawapo la mambo hayo madogo ni zile cheche za umeme ambazo sisi wa mabweni ya Tabora twazijua sana, tuvuapo sweta usiku katika miezi ya Juni, Julai na Agosti.

Sikuchagua habari hii kwa ajili ya Historia tu. Kila kiangazi husikika maneno mabwenini ya kwamba cheche hizo hudhoofisha moyo, au hukausha damu, au humpunguzia mtu akili kabla ya mtihani. Wako hata waliofungua vyandarua vyao na kuvikunja chini ya godoro, kwa sababu chandarua cha nyuzi za kiwandani kikisuguliwa gizani huweza kulia na kumetameta. Kama cheche zadhuru, basi wenzetu hao wafanya vema. Kama hazidhuru, wameitupa ngao yao mbele ya mbu. Neno hili lataka kupimwa, na Livingstone atatufaa katika kulipima, maana yeye aliziona cheche na aliiona homa pia, na twajua ni ipi iliyomwua.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa watu maskini, na nyumba yao ilikuwa chumba kimoja tu katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi za pamba. Alipokuwa na umri wa miaka 10 akatiwa kazini katika kiwanda hicho. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika. Aliingia saa kumi na mbili asubuhi, akatoka saa mbili usiku, na baada ya hapo alikwenda shule ya usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini, akakiweka juu ya mashine ili asome sentensi moja kila apitapo. Sisi tunaolalamikia saa za prepu tungefanya vizuri kulifikiri jambo hilo mara moja, kisha tuendelee.

Viwanda vya pamba vya siku zile ndivyo mahali pa kwanza ambapo umeme wa msuguano na afya ya mtu vilikutana katika habari hii. Uzi wa pamba ukiwa mkavu sana hukatika upesi. Tena nyuzi zikisuguana katika hewa kavu hupata umeme, zikasukumana, zikatimka kama nywele za mtu aliyeshtuka, na kazi ikaharibika. Kwa hiyo wenye viwanda walizoea kuifanya hewa ya ndani iwe ya joto na yenye unyevu mwingi kama hewa ya jikoni penye chungu kinachochemka. Nyuzi zilipata nafuu, lakini watu hawakupata. Watoto walifanya kazi nusu uchi katika mvuke huo pamoja na vumbi la pamba, kisha wakatoka nje katika baridi ya Ulaya. Vifua vyao viliumwa. Hapo si umeme uliowadhuru, bali dawa ya umeme! Livingstone alitoka humo akiwa mzima, na wengi hawakutoka hivyo.

Mwaka 1836 alikwenda Glasgow kusoma utabibu katika Chuo cha Anderson, akilipa ada kwa fedha alizozipata kiwandani. Huko alifanya urafiki na kijana mmoja msaidizi wa mwalimu wa Kemia, jina lake James Young. Katika chumba cha Young palikuwa na vyombo vya useremala na vya sayansi, na Livingstone alijifunza kuvitumia kwa mikono yake mwenyewe. Baadaye Young alipata utajiri mkubwa kwa kutengeneza mafuta ya taa, akawa rafiki wa kumsaidia Livingstone mpaka mwisho, na hata baada ya mwisho, kama tutakavyoona. Livingstone alipata shahada yake ya utabibu mwezi wa Novemba 1840, akafanywa mchungaji mwezi huo huo, na mwezi wa Desemba akapanda meli ya kuja Afrika, akitumwa na Chama cha Misheni cha London.

Miaka yake ya kwanza aliikaa Kusini, katika nchi ya Wabechuana, ambayo leo ni Botswana na sehemu ya Afrika Kusini. Mwaka 1844 simba alimrukia huko Mabotsa akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mfupa ule haukuunga vizuri. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari wa Kuruman.

Ni katika nchi hiyo kavu, kando ya jangwa la Kalahari, alikoyaona mambo ya umeme ambayo aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1857. Kabla ya mvua kuanza, upepo wa moto huvuma kutoka jangwani, na aliona kwamba shada la manyoya ya mbuni likishikwa kuuelekea upepo huo kwa nafasi fupi tu, hupata umeme mwingi, hata mtu akilikaribia kwa mkono manyoya huushika mkono huo kwa mlio wa kupasukapasuka. Siku nyingine alikuwa akisafiri katika gari la kukokotwa na ng'ombe pamoja na mtawala mmoja wa nchi, aliyekuwa amejifunika joho la ngozi zenye manyoya. Gari lilipotikisika, manyoya yalisuguana, yakatoa mwanga. Livingstone akayasugua kwa mkono, zikatoka cheche zenye kulia. Akamwuliza yule mtawala kama ameona. Mtawala hakushangaa hata kidogo. Alimjibu kwamba jambo hilo hawakufundishwa na Wazungu, bali walikuwa nalo wao na babu zao tangu zamani.

Mimi napenda sana kwamba Livingstone aliliandika jibu hilo wala hakulificha. Akaongeza kwamba huko Ulaya sifa ya kuliona jambo hili kwanza hupewa Mjerumani Otto von Guericke, hali Wabechuana walikuwa wakiliona siku zote katika mavazi yao. Wasafiri wengi wa zamani zile waliandika kana kwamba kitu hakikuwako mpaka wao walipokitazama. Katika neno hili dogo Livingstone alikuwa mwaminifu kuliko wao.

Sasa tueleze cheche hizo ni nini. Vitu viwili vya namna mbalimbali vikigusana na kusuguana, chembe ndogo mno ziitwazo elektroni huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Hewa ikiwa na unyevu, ngozi na nguo hushika utando mwembamba wa maji, na umeme hutoroka polepole bila kuonekana. Ndiyo sababu mtu wa Bagamoyo au wa Unguja huzijua cheche kwa nadra. Tabora iko juu kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na tangu Mei mpaka Oktoba mvua ni kama hakuna. Hewa hukauka, midomo hupasuka, na umeme huo, uitwao umeme tuli, hukaa juu ya nguo na mwili mpaka upate njia, kisha huruka kwa ghafula. Sweta la sufu, blanketi la nailoni, kitanda cha chuma: hapo vyombo vyote vya mtambo vimekamilika.

Wanaoogopa hupenda kutaja volti. Ni kweli kwamba mtu hahisi mchomo mpaka volti zifike kama 3,000 hivi, na umeme wa ukutani ambao huua watu ni volti 230 tu. Mbona basi hatufi? Kwa sababu volti si kitu chote. Fikiri tone la maji lidondokalo kutoka juu ya mwembe mrefu, na mto uliofurika upitao katika bonde lisilo na mteremko mkali. Tone limetoka juu zaidi, lakini mto ndio umchukuao mtu. Umeme uliomo mwilini mwa mtu aliyevua sweta ni tone. Hutoka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde ukaisha. Umeme wa ukutani haukomi mpaka swichi izimwe. Na radi, ambayo ni ya ukoo mmoja na cheche zetu, ni gharika kamili, wala mtu asije akasema kwamba kwa kuwa cheche hazina neno basi na radi haina neno.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hili, baada ya wataalamu kuzipitia kazi nyingi za uchunguzi. Waliloliona kwa upande wa umeme tuli ni kwamba mtu huhisi nywele za mwili zikisimama na kuchomwa na cheche, basi. Damu haikaushwi, na akili haipunguzwi. Kuna ubaya mdogo wa pembeni: vitu vyenye umeme huvuta vumbi, na vumbi si zuri kwa mwenye pumu, tena hewa kavu yenyewe huwasha ngozi na koo. Na mtu akishtuliwa na cheche huku ameshika sufuria la uji wa moto, uji utamchoma, ingawa cheche haikumchoma.

Hatari ya kweli ya cheche iko mahali pengine, penye mvuke wa vitu vinavyowaka. Livingstone alijifunza upasuaji katika siku ambazo mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu na kukatwa akiwa macho, maana dawa ya kulevya ya etha ilianza kutumika mwaka 1846, na klorofomu mwaka 1847. Etha ilikuwa neema kubwa, lakini mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo, na katika karne ya 20 vyumba vya upasuaji viliwekewa sakafu za kupitisha umeme na nguo za pamba ili cheche zisizaliwe. Siku hizi hospitali hutumia dawa zisizowaka hivyo. Lakini sisi tuna petroli, ambayo katika vijiji vingi huuzwa katika chupa na madumu ya plastiki. Plastiki ikisuguliwa katika hewa kavu hushika umeme. Wazazi wetu wenye pikipiki na waweke dumu chini ardhini wakati wa kulijaza, lisiwe juu ya gari wala mapajani mwa mtu, tena wajaze penye hewa ya kutosha. Mafuta ya taa, yale ya Bwana Young, hayawaki kwa wepesi huo.

Turudi kwa Livingstone. Baada ya kuivuka Afrika kutoka Luanda mpaka Quelimane mwaka 1856, na baada ya safari ya mto Zambezi ambayo katika hiyo mkewe alikufa kwa homa mwezi wa Aprili 1862, alikuja Unguja, na mwaka 1866 akaingia bara kwa upande wa mto Ruvuma. Alitafuta chanzo cha mto Nile, na alitaka kuufichua ulimwenguni uovu wa biashara ya watumwa. Mwezi wa Januari 1867 wapagazi waliotoroka walikwenda na sanduku lake la dawa, na ndani yake mlikuwa kwinini yote. Alijiona kama mtu aliyekatiwa hukumu ya kifo. Hakukosea sana, ila hukumu ilichelewa miaka sita. Mara nyingi aliokolewa na wafanya biashara Waarabu na Waswahili, ambao baadhi yao walikuwa wakiuza watu, na jambo hilo lilimtesa rohoni. Lakini alikula chakula chao, maana hakuwa na kingine.

Stanley alimkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, amekonda na tumbo la kuhara damu. Wakafika Unyanyembe pamoja tarehe 18 Februari 1872, wakakaa Kwihara, karibu na mji wetu wa Tabora, katika tembe la kuta nene za udongo. Tembe hilo limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, na Livingstone akabaki kuwangoja wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti. Aliikaa basi Kwihara miezi ile ile tuijuayo ya ukavu na ya cheche. Watu 57 aliotumiwa na Stanley walifika katikati ya Agosti baada ya kuipita njia kuu ya misafara: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Tura, hata Unyanyembe. Kwa kawaida mpagazi wa njia hiyo alibeba mzigo wa kama frasila mbili, na kila jioni alilala katika banda walimolala mamia ya wengine kabla yake.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Katika nyufa za sakafu na kuta za nyumba za udongo huishi papasi, kupe wa nyumbani, ambaye hutoka usiku akanyonya damu na kurudi mafichoni. Livingstone aliandika habari zake na maumivu yaletwayo na kuumwa kwake, katika kitabu kile kile chenye habari za cheche. Mwaka 1905 Dutton na Todd huko Kongo walithibitisha kwamba papasi hueneza homa ya vipindi, na Dutton mwenyewe akafa kwa homa hiyo. Mwaka huo huo Robert Koch, alipokuwa katika nchi yetu wakati wa Wajerumani, aliona kwamba papasi wamejaa katika mabanda ya kulala wapagazi. Msafara uliichukua homa toka banda hata banda kama uchukuavyo pembe na nguo. Livingstone aliandika pia kwamba penye mbu wengi ndipo penye homa, lakini alidhani sababu ni hewa mbaya ya mabwawa. Alikuwa amekaribia sana! Ilikuwa mpaka mwaka 1897, huko India, Ronald Ross alipokiona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu.

Kwa hiyo mtu aliyelala katika tembe la Kwihara mwaka 1872 alizungukwa na vitu vitatu: cheche, papasi na mbu. Cheche peke yake ndizo zilizojionyesha kwa mwanga na sauti, na hizo peke yake hazikumdhuru mtu. Chandarua kinacholia kikavu kikipanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo hunyamaza, na wala si lazima kunyamaza.

Livingstone alikwenda zake kusini kuelekea ziwa Bangweulu, akiugua malaria na kuhara damu mpaka akashindwa kutembea. Alikufa alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, Chuma na Susi wakiwaongoza wenzao, walikata shauri kumrudisha kwa watu wake. Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia tabibu mmoja Unguja, aliupasua mwili. Moyo wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala. Kisha wakautia mwili chumvi wakauanika juani kama wiki mbili. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na hewa ile ile kavu ambayo hutoa cheche katika nguo zetu ndiyo iliyoukausha mwili wa Livingstone hata ukaweza kubebwa.

Waliufikisha Kwihara mwezi wa Oktoba 1873. Hapo walimkuta Luteni Cameron na Daktari Dillon, ambao walikuwa wameletwa kumsaidia Livingstone, nao wamelazwa na homa katika nyumba za Unyanyembe, hata macho ya Cameron yamefifia. Cameron alishauri mwili uzikwe hapa hapa. Chuma na Susi walikataa. Dillon alifuatana nao kurudi pwani, lakini homa ilikuwa imemvuruga akili, na njiani Kasekera akajipiga risasi. Huko Kasekera watu walikataa maiti ipite kwao. Basi wapagazi wakafunga mzigo wa uongo, wakatangaza kwamba wameurudisha Unyanyembe ukazikwe, nao mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo, ukapita.

Ulifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, baada ya mwendo wa miezi tisa, ukazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Tabibu aliyeukagua aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma. Katika wote walioubeba, ni Jacob Wainwright tu aliyepelekwa mazikoni. Chuma na Susi hawakualikwa. Baadaye mwaka huo James Young, yule wa mafuta ya taa, alilipa nauli yao kwa fedha yake mwenyewe, nao wakafika Uingereza, wakaketi na Horace Waller na kumweleza mambo yaliyoandikwa katika daftari za Livingstone ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuyaeleza, hata zikachapishwa mwezi wa Desemba 1874.